Kishikwambi cha Mtoto, Vituko vya Watu Wazima

Mtoto aliyechelewa kuongea akiletewa kishikwambi kwenye tiba ya usemi, yeye hana shida nacho. Pengine anajua kukiwasha kuliko baba yake. Shida huanza kwetu sisi wenye ndevu na mikoba. Vituko vyetu ni saba, tuvihesabu kurudi nyuma, kuanzia kile cha kusamehewa hadi kile cha kuitishiwa kikao cha ukoo.

7. Kukifungia kabatini

"Kitavunjika." Sawa, ni ghali. Ila kabla iPad haijaingia sokoni mwaka 2010, vifaa maalumu vya kuongelea viliuzwa kwa maelfu ya dola. Programu ya Proloquo2Go, iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya AssistiveWare ya Amsterdam, iliihamishia kazi hiyo kwenye vifaa vya kawaida vya mkononi kwa bei ya mamia. Bado inauma mfukoni, najua. Lakini kwa mtoto anayeongea kwa kubonyeza picha, hicho ndicho kinywa chake. Chako wewe huwa unakifungia saa ngapi?

6. Kumwachia binamu

Binamu akija Jumamosi, kinywa cha mwenzake kinageuka uwanja wa mpira. Tangu mwaka 2012 iPad inaweza kufungwa ibaki kwenye programu moja tu, na Android ikafuata mwaka 2014 na toleo lake la 5. Weka namba ya siri. Isiwe 1234, binamu huanzia hapo.

5. Nyota za bure

Hizi ni zile programu za matamshi: picha inatokea, mtoto anataja, nyota zinamwagika. Nyingi hazijui mtoto amesema nini. Anayetakiwa kusikiliza na kuamua kama ametamka sawasawa ni mtu mzima aliyekaa pembeni, na mtu mzima huyo yuko WhatsApp. Mtoto akishagundua kwamba kidole kinaleta nyota kuliko ulimi, ulimi unaenda likizo.

Kibaya zaidi, picha zimepangwa kwa herufi za Kiingereza, kwa hiyo sungura, kwa kuwa kwao ni "rabbit", anafundisha R. Zima sauti yao, tengeneza picha zako. Kwa mtoto anayechanganya R na L, weka sanduku la kura na sahani ya kula, mrekodi, kisha msikilize pamoja alichosema. (Wapo watu wazima wanaochanganya kura na kula kila baada ya miaka mitano, na hao tiba ya usemi haiwahusu.) Kwanza lakini sikiliza wanavyoongea nyumbani kwao. Kama ukoo mzima unasema hivyo, hiyo ni lafudhi, mwacheni mtoto.

4. "Atakuwa mvivu wa kuongea"

Huyu ni bibi, na bibi habishiwi, huletewa ushahidi. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za watu wenye ulemavu wa makuzi waliofundishwa kuwasiliana kwa ishara, picha au vifaa. Vishikwambi vya leo vilikuwa havijazaliwa, ila hofu ilikuwa hiihii. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, asilimia 89 waliongeza usemi, waliosalia hawakubadilika, na hakuna aliyerudi nyuma. Ongezeko kwa wengi lilikuwa dogo, tusidanganyane. Ila huo uvivu, bibi, haukuonekana.

3. "Kaa hapo, mwalimu yumo humo ndani"

Hayumo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, waliwasikilizisha Kichina watoto wa miezi tisa. Waliocheza na mtu aliye mbele yao walizishika sauti za lugha hiyo. Waliowekewa video hawakushika kitu. Na video hiyo haikuwa hata na matangazo.

2. Kukinunua Jumatatu, kukilaumu Ijumaa

Mtoto husikia watu wakiongea karibu mwaka mzima kabla ya kutoa neno la kwanza, na hakuna anayemdai. Kwa vitufe tunampa siku tano, tena wakati hajawahi kumwona mtu yeyote akiongea kwa vitufe. Wataalamu wa usemi wanasema mtu mzima ndiye aanze: unamimina chai, unasema, huku unabonyeza "chai", unabonyeza "moto", na hudai arudie. Utajiona kama umechanganyikiwa. Vumilia, ndivyo anavyojiona yeye.

Hapo ndipo utakapojua kwa nini alikuwa hachangamki. Programu iliyojengwa kwa Kiingereza inakuwekea "mimi" ukurasa huu na "taka" ukurasa ule; mpaka uvikutanishe, uji umeshanywewa na wengine. Nyingi zinakuruhusu kutengeneza kitufe chako na kukirekodi. Basi "nataka" iwe kitufe kimoja, kizima, na "sitaki" kingine. Sauti iazime kwa mtoto wa rika lake. Kijana wa miaka mitano akiongea kwa sauti ya shangazi, watu wanasimama kumwamkia.

1. Kumpa maneno ya adabu peke yake

Fungua ukurasa wa kwanza uone: chakula, maji, choo, asante, shikamoo. Huyu ni mtoto au mgeni rasmi? Halafu kinaanza kikao: "Unataka nini? Bonyeza. Hii rangi gani? Bonyeza." Anayeuliza ameshika embe, na rangi anaiona.

Wenzake wanaotumia mdomo walishajipatia "hapana", "yangu", "toka" na "mwongo" bila kibali cha mtu, na ubishi wao ndio unaowapa mazoezi kutwa. Wa kishikwambi akibonyeza "toka" mara sita mfululizo mbele ya wageni, tunapunguza sauti. Tuliyemngoja miaka mitatu aongee ameongea, tukamzima.

Kwa hiyo "sitaki" ikae ukurasa wa kwanza, na isihamishwe kila programu inapopangwa upya, maana kidole hukariri njia. Dawa atakunywa hata akiibonyeza, ila ajibiwe kwanza: "Nimesikia, mwanangu, hutaki." Kwa uji hakuna sababu ya kubishana. Akisema hataki, apewe baba.