Intapreta ya Pili: Njia za Mkato kwa Fundi wa Mjambere

Sogea karibu nikupe siri. Nuru, lugha ya kuandikia programu kwa Kiswahili, tayari ina intapreta yake, imeandikwa kwa lugha ya Go. Wewe uko mtaani Mjambere, betri ya laptopu inakufa kabla stima haijarudi, na unataka kutengeneza ya pili. Vizuri. Usitokwe na jasho bure.

1. Usibuni chochote. "Kama", "sivyo" na "andika" mwenzio keshazichagua. Chukua mifano ya Nuru, iendeshe kwenye intapreta yake, nakili majibu. Yako ikitoa yaleyale, umefaulu. Mtihani huu kuangalizia ni halali.

2. Panda mgongo wa mwingine. Andika kwa JavaScript. Kivinjari cha simu kitakusafishia kumbukumbu, na mtoto wa jirani ataifungua bila kusakinisha kitu.

3. Hapa ndipo wengi huanguka. Jaribu andika(2 + 3 * 4). Ukihesabu kuanzia kushoto moja kwa moja utapata 20, na jibu ni 14. Usirundike kanuni. Vaughan Pratt alitoa ujanja wake mwaka 1973: kila alama ipe nguvu kwa namba. Kujumlisha kupe 10, kuzidisha 20. Sasa itazame ile 3. Imekaa kati ya alama mbili, kila moja yaivuta kwake, na mwenye nguvu ndiye anayeichukua. Kuzidisha kunashinda, inakuwa 12, ndipo 2 inaongezwa. Siku niliyoona 14 ikitokea kwenye kioo niliita nyumba nzima. Nawe utaita.

4. Kasi waachie wenye pesa. Tazama intapreta za Python: PyPy, iliyoundwa kwa ajili ya kasi, mara nyingi huipita mbali CPython, ile ya kawaida, lakini watu wengi wamebaki na CPython kwa sababu ya maktaba zilizoandikwa kwa C. Kampuni ya Dropbox nayo iliacha kuigharimia Pyston, intapreta yake ya Python ya kutafuta kasi, mwaka 2017. Lakini MicroPython ya Damien George, Python iliyopunguzwa, ilijibana kwenye vifaa vidogo, kilobaiti 16 za kumbukumbu zinaitosha, na ipo hadi leo. Jibane hivyo. Mtu akikuuliza ina kasi gani, mpe simu ashike mwenyewe.

5. Shindwa kwa adabu. Kuna mengi hutayamaliza, basi yaseme: "Mstari wa 7: neno hili bado silijui." Mwanafunzi akisoma hayo kwa lugha ya nyumbani kwao hatajiona mjinga. Atarudi mstari wa 7.