Mzee na glovu, klabu na daftari

Siku Mike Tyson alipoling'ata sikio la Evander Holyfield, Juni 1997, Jake Paul alikuwa mtoto wa miezi mitano. Novemba 2024, kule Arlington, Texas, wakavishwa glovu wazichape: mzee wa miaka 58 na kijana wa 27. Raundi nane, tena za dakika mbili mbili, babu asije akachoka. Nilidamka kuangalia ngumi, nikaangalia watu wakistahiana. Tyson muda mwingi alitafuna glovu. Afadhali, safari hii ya kwake. Majaji wote watatu wakampa kijana.

Basi nikahamia besiboli, nikidhani huko kuna watu makini. Kumbe Desemba 2023 Los Angeles Dodgers walimchukua Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 za miaka 10, halafu milioni 680 zikaingia daftarini. Zitaanza kulipwa 2034. Mali kauli! Na ubingwa wa 2024 wakaubeba, deni likiwa bichi kabisa. Mimi juzi niliomba kilo moja ya sukari hadi mwisho wa mwezi. Mwenye duka hakunijibu, alinyoosha tu kidole kwenye kibao chake: leo fedha, mkopo kesho.