Jinsi ya Kuumba Taifa la Mashimoni

Viumbe wa kigeni waishio chini ya ardhi huzaliwa kwa hesabu za dukani. Katika Master of Orion II, mchezo wa mikakati ya anga uliotoka mwaka 1996, anayeunda taifa lake hupewa pointi 10. Maisha ya mashimoni hugharimu 6, na mnunuzi hupata sayari zinazobeba watu wengi zaidi pamoja na askari hodari wa kulinda kwao. Pointi zikimwishia, hujipatia nyingine kwa kukubali kasoro: majasusi wazembe, mathalani, au serikali ya kikabaila. Wasakkra, mijusi wa mchezo huo, wamebebeshwa zote mbili. Kwa nini mabingwa wa mahandaki wasijue kunyemelea? Swali hilo halina pointi.

Stellaris, mchezo mwingine wa mikakati ya anga, nao uliingia shimoni mwaka 2022, katika nyongeza yake ya Overlord. Humo faida kubwa ni madini na kinga dhidi ya mabomu.

Sura ya kiumbe hushughulikiwa kwa uvivu. Kwa kawaida hurudiwa Wamorlock, viumbe wa riwaya ya H. G. Wells walioteremshwa chini ya ardhi tangu 1895. Fuko asiye na manyoya wa Kenya, Somalia na Ethiopia, mwenye malkia mmoja anayezaa huku wengine wakichimba, na anayeweza kupita miaka 30, huitwa kwenye usaili mara chache.

Namna watu wasioona anga walivyopata hamu ya kuiteka, kanuni hazielezi.