Usipozibua

(Mwera, Pangani. Usiku wa Machi, kaskazi imekatika, hata mnazi hautikisiki. Chumbani, Beseni limetegwa chini ya Kiyoyozi. Tone. Tone.)

BESENI: Kaka, unalia nini usiku kucha?

KIYOYOZI: Silii. Hili ni jasho.

BESENI: Jasho, na baridi yote hiyo?

KIYOYOZI: Si langu, ni la hewa ya pwani. Imejaa mvuke, ikigusa koili zangu hugeuka maji, kama gilasi ya maji ya barafu inavyolowa nje. Yanadondokea kwenye trei, yanashika mpira, yanatoka nje.

BESENI: Mbona yananitokea mimi?

KIYOYOZI: Muulize Mpira.

MPIRA (nje ya ukuta, kama aliyekabwa): Leo ndiyo mnanikumbuka! Kooni nimeota utelezi, umechanganyika na vumbi. Mdomoni nyigu kajenga nyumba ya udongo. Na fundi alinipandisha kidogo nipite juu ya dirisha. Maji hayapandi mlima, ndugu zangu.

BESENI: Mwenye nyumba hajui?

KIYOYOZI: Anajua mengi. Jumatatu alisema bati linavuja, akapandisha fundi. Jumanne akaita fundi gesi. Jumatano akapiga plasta na rangi. Jana kaja mzee na chetezo, eti chumba kina mwenyewe.

BESENI: Akasemaje huyo mwenyewe?

KIYOYOZI: Alikohoa. Moshi wote niliuvuta mimi.

MPIRA: Ubani hauzibui! Mimi nataka mteremko. Nataka nyigu abomolewe, na kipande cha neti mdomoni asirudi. Nisizamishwe kwenye ndoo ya maji, nitashindwa kupumua. Na kila mwezi azime umeme, amimine kikombe cha siki kwenye trei. Siki tupu, asichanganye na klorini. Hewa ya mchanganyiko huo ni sumu.

KIYOYOZI: Na chujio langu alioshe kila wiki mbili. Vumbi linalonipita mimi ndilo linalomkaba Mpira.

BESENI: Kumbe dawa ni siki na dakika kumi! Si wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta?

MPIRA: Ndiyo maana kaziba kila kitu: bati, ukuta, dari. Hawakumwambia kwamba kuna vitu vya kuzibua.

(Mlango unafunguliwa. Mwenye nyumba anaingia kwa kunyata, anatazama juu, anaguna. Anaweka chini beseni la pili, kubwa zaidi, anarudi kulala.)

BESENI: Karibu, mke mwenzangu.

(Tone.)