Ngeli za Muflisi Mashuhuri: Dibaji ya Filisiolojia

Taaluma ya Filisiolojia, yaani uchunguzi wa watu maarufu waliofilisika, imedumaa kwa sababu moja: watafiti wake hupanga vielelezo kwa ukubwa wa deni. Huo ni utaratibu wa kibenki. Unamweka bondia jirani na mwanamuziki kwa kuwa wote walidaiwa mamilioni, kisha unamtupa mchoraji wa karne ya 17 mkiani kwa kuwa deni lake lilihesabiwa kwa sarafu ambayo hakuna duka la fedha linaloibadilisha tena. Sisi tunapendekeza mfumo ambao kila mtoto wa shule ya msingi ameuonja kwa fimbo: ngeli. Swali la kwanza kwa muflisi lisiwe "unadaiwa kiasi gani?" bali "kilichokumaliza kina upatanisho gani wa kisarufi?"

Kwanza mipaka. Muflisi mashuhuri ni yule ambaye jina lake lilikwisha kuvuma kabla dalali hajapiga hodi. Kwa kigezo hiki anaondoka Walt Disney, ambaye studio yake ya Laugh-O-Gram, huko Kansas City, ilifilisika mwaka 1923 akiwa hajulikani na wengi zaidi ya wadai wake. Anaondoka pia Abraham Lincoln, aliyebaki na madeni ya duka la New Salem kwa miaka mingi. Hao deni liliwatangulia, umaarufu ukafuata. Wao ni mali ya fani nyingine, ile ya vitabu vya kutia moyo, ambayo tayari ina maprofesa wa kutosha wanaopanda na kushuka kwenye mabasi ya mikoani.

Ngeli ya A-WA ndiyo yenye vielelezo vingi, nayo inawakusanya wote waliomalizwa na viumbe wenye roho. Ulysses S. Grant, jenerali aliyeshinda vita vya ndani vya Marekani na kuwa rais kwa vipindi viwili, alimalizwa na kiumbe mmoja tu: Ferdinand Ward, mshirika wake katika kampuni ya Grant & Ward huko Wall Street. Ward alikuwa akiwalipa wawekezaji wa zamani faida kutoka katika pesa za wawekezaji wapya. Waliowahi "kupanda mbegu" DECI, hadi serikali ya Tanzania ilipoifunga mwaka 2009, hawahitaji tanbihi hapa. Jumapili moja ya Mei 1884 Ward alimwambia mzee kwamba benki yao imebanwa na inataka pesa za haraka. Grant akaenda kwa tajiri William Vanderbilt, akakopa dola 150,000 kwa jina lake peke yake. Siku mbili baadaye kampuni ikaanguka. Jenerali aliyekuwa akisoma ramani za vita usiku wa manane hakuwa amesoma daftari la ofisi yake. Kulipa deni la Vanderbilt, alimkabidhi panga zake na tuzo zake za vita.

Wapo wanaotaka ngeli hii iwe ya binadamu peke yao. Sarufi haiwaungi mkono, na Daniel Defoe pia hawaungi mkono. Mwandishi huyo wa Robinson Crusoe alifilisika mwaka 1692 kwa deni la pauni 17,000, miaka 27 kabla kitabu hicho hakijatoka. Kigezo chetu kingemwondoa naye, ila kielelezo chake ni kizuri mno kuachwa. Miongoni mwa biashara zake za mwisho kulikuwa na mradi wa paka wa zabadi wapatao 70, waliofugwa nje kidogo ya London ili wakamuliwe ule ute wao wa manukato. Msomaji wa pwani anaijua zabadi na bei yake, kwa hiyo wazo lenyewe si la kuchekwa. La kuchekwa ni kwamba paka walinunuliwa kwa pesa za mkopo, wakaishia kuuzwa kwa mama mkwe wake, na baadaye ikabainika kwamba hawakuwa mali ya Defoe hata awauze kwa mtu yeyote. Mama mkwe akampeleka mahakamani. Tunawaomba wasomaji wasimame hapo kidogo. Kwetu kuna watu wanaoogopa hata kula mbele ya mkwe. Huyu alimuuzia paka wa watu! Katika vielelezo vyote tulivyopitia, hakuna muflisi aliyefilisika hadi kiwango hiki, na pauni hazihusiki.

MC Hammer tutamtaja kwa heshima. Albamu yake ya mwaka 1990 iliuza zaidi ya nakala milioni 10, na orodha yake ya mishahara ilifikia watu kama 200, wengi wao marafiki na watu wa mtaani kwake Oakland. Mwaka 1996 akafika mahakamani na madeni ya dola milioni 13 hivi. Wachambuzi wa kwao huita jambo hilo ubadhirifu. Sisi tuliokulia katika nyumba ambazo binamu watatu hulala koridoni tunauona ni ukoo wa kawaida. Tofauti pekee ni kwamba binamu zetu hatuwalipi mshahara.

Ngeli ya KI-VI ni ya vitu, na mfalme wake ni Rembrandt. Mwaka 1639 alinunua nyumba ya gulden 13,000 mjini Amsterdam, kisha kwa miaka 17 akawa anaijaza: sanamu za vichwa vya makaisari wa Roma, kombe za baharini, silaha, kofia za chuma, vitambaa, michoro ya wengine. Alikuwa akihudhuria minada kwa bidii ambayo wengine huweka kwenye ibada. Mwaka 1656 akaomba kusalimisha mali yake, na makarani wa mahakama wakapita chumba hadi chumba wakiandika. Orodha yao ina vipengele 363. Tuna methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Rembrandt mambo yalikwenda kinyume: daftari lilikuja, na kwa sababu lilikuja mali ikaondoka. Nyumba ile sasa ni makumbusho, na waliotaka kuirudisha ilivyokuwa walitumia orodha hiyohiyo ya muflisi. Hakuna mhifadhi angeweza kuwa mwangalifu kama karani anayejua kwamba nyuma yake wapo wadai.

Ila kilichotokea mwaka 1660 ndicho kinachoifanya Filisiolojia kuwa taaluma na si umbea. Titus, mwana wa Rembrandt, na Hendrickje, mwenzi wa Rembrandt, waliunda kampuni ya kuuza sanaa, wakamwajiri mzee. Kazi zake zikawa mali ya kampuni, yeye akapata kula na kulala, na wadai wakabaki wanaitazama turubai mbichi bila kuweza kuigusa. Mahakama ilikuwa imechukua kila kitu isipokuwa kile kilichowafanya watu wamkopeshe tangu mwanzo: jina. Kwa sarufi, jina ni la ngeli ya LI-YA, ngeli moja na jumba. Lakini jumba hupigwa mnada, jina halipigwi. Muflisi wa kawaida akinyang'anywa kitanda, habari yake imekwisha. Muflisi mashuhuri akinyang'anywa kitanda, watu watalipa kiingilio waje kuona mahali kilipokuwa.

Na kwa kuwa tumelitaja jumba, twende huko. Katika mji wa Farmington, jimbo la Connecticut, lipo jumba la vyumba 52 lililojengwa miaka ya 1980. Mjenzi wake alikuwa mfanyabiashara wa nyumba na viwanja. Kampuni yake iliporomoka mwaka 1990, naye akaishia jela kwa ulaghai. Baadaye, mwaka 1996, likanunuliwa na Mike Tyson. Tyson, ambaye ngumi zilimwingizia zaidi ya dola milioni 300, alifilisika Agosti 2003. Miongoni mwa madai yaliyoorodheshwa ulikuwamo mkufu wa dhahabu na almasi wa dola 173,706, uliochukuliwa kwa sonara wa Las Vegas na haujalipiwa. (Alifuga pia chui milia, jambo linalompa uraia pacha na A-WA.) Jumba likawa limeachiwa mke katika talaka, na kabla mwaka haujaisha mke akaliuza kwa rapa 50 Cent. Nani atashangaa? Julai 2015 naye akaingia mahakama ya kufilisika. Akiwa humohumo akaweka mtandaoni picha ya mabunda ya noti yaliyopangwa kuandika kwamba hana kitu. Hakimu akamwita aje aeleze, naye akajibu kwamba noti zile ni bandia, za kuigizia. Mwaka 2007 alikuwa amelitangaza jumba kwa dola milioni 18.5. Aliliuza 2019 kwa dola milioni 2.9.

Mtu wa Tanga angeshauri kichinjwe kitu, kisomwe kitu, jumba lizinguliwe. Filisiolojia haiwezi kujishusha hivyo. Inachokubali ni Kanuni ya Maambukizi, na ushahidi wake haupo Farmington peke yake. Mrudie Grant. Akiwa hana kitu na saratani ya koo ikimmaliza, aliandika kumbukumbu zake ili mkewe asibaki na njaa, akakamilisha siku chache tu kabla ya kufa Julai 1885. Mchapishaji alikuwa kampuni ya Mark Twain. Kitabu kiliuzwa ajabu, hundi ya kwanza ya mjane ikawa dola 200,000, na Twain akajiona kuwa ana mkono wa baraka katika biashara. Mkono huo akauingiza katika mashine ya kupanga herufi ya James Paige, yenye vipuri kama 18,000. Ikiwa nzima iliwashinda wapangaji wa herufi kwa mwendo, lakini haikuwa nzima mara nyingi. Ilimla takriban dola 300,000. Aprili 1894 kampuni ya uchapishaji ikafilisika, kampuni ileile iliyomtoa mjane wa Grant kwenye dhiki. Ugonjwa ulikuwa umehamia kwa mganga.

Twain anatupa shida ya upangaji. Kwa vipuri ni KI-VI bila ubishi. Kwa alichofanya baadaye ni ngeli ya U, ya uungwana, ukaidi na usumbufu. Rafiki yake Henry Rogers, mtu mzito wa Standard Oil, alihakikisha kwanza haki za vitabu zinakuwa za mke wa Twain, ili wadai wasizifikie. Kisheria ilitosha kuwalipa sehemu tu. Twain, karibu miaka 60, akaondoka mwaka 1895 kuzunguka dunia akihutubia, kuanzia Marekani hadi Australia, India, Mauritius na Afrika Kusini, na kufikia 1898 wadai wakawa wamelipwa senti kwa senti. Mtangulizi wake katika ngeli hii ni Sir Walter Scott, aliyeangukiwa na deni la pauni 120,000 hivi mwaka 1826, akakataa katakata kutangazwa muflisi, akakaa mezani kuandika mpaka afya ikamtoka. Riwaya zake maarufu alikuwa amezitoa bila kuweka jina. Mwaka mmoja baada ya anguko akakiri hadharani kwamba ndiye mwandishi. Alikufa 1832, deni halijaisha, likamaliziwa na vitabu. Hatuna hakika kwamba ngeli ya U inaongeza furaha ya mtu, ila wadai huipenda.

Ngeli ya I-ZI haitatuchukua muda. Ndiyo ngeli inayopokea maneno ya mkopo: benki, kampuni, hoteli, kasino, hisa, bondi. Wakazi wake hawafilisiki wenyewe, hufilisika kampuni zao. Donald Trump alifungua kasino ya Taj Mahal huko Atlantic City mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikaingia mahakama ya kufilisika. Kufikia 2009 biashara zake sita zilikuwa zimepita mlango huo, yeye mwenyewe hakuupita hata mara moja. Mwaka 1990 benki zilimwekea kikomo cha matumizi binafsi: dola 450,000 kwa mwezi. Mdaiwa mdogo hupewa siku saba na barua ya wakili. Mdaiwa mkubwa hupewa posho.

Kuhusu PA-KU-MU, ngeli ya mahali, tuna kielelezo kimoja safi. Boris Becker, aliyetwaa Wimbledon mwaka 1985 akiwa na miaka 17, alitangazwa muflisi mjini London Juni 2017. Mwaka uliofuata akadai hagusiki kwa kuwa ni mwanadiplomasia wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, anayeshughulikia michezo katika Umoja wa Ulaya. Kutoka Bangui waziri wa mambo ya nje akasema pasipoti ile ni ya bandia. Muflisi wa kawaida hukimbilia kijijini kwao. Huyu alijaribu kukimbilia kwetu, tena kwa karatasi. Vikombe vyake vikapigwa mnada 2019, na Aprili 2022 akahukumiwa miaka miwili na nusu kwa kuficha mali. Mahali alipotafuta alipapata, ila si pale alipopataka.

Inabaki KU, ngeli ya vitenzi-jina, ambamo kufilisika kwenyewe ndiko kazi. Yupo mmoja tu aliyefuzu kikamilifu. P. T. Barnum, mwenye maonyesho wa New York, alisaini hati za dhamana kwa ajili ya kampuni ya saa ya Jerome, na ilipoanguka mnamo 1856 ikaanguka naye. Mwishoni mwa 1858 alipanda jukwaani London kutoa mhadhara kuhusu namna ya kupata pesa. Ukumbi ulijaa, mhadhara ukarudiwa mji baada ya mji Uingereza, na muda si mrefu akawa amelipa wadai na kulirudisha jumba lake la maonyesho. Tiketi, bila shaka, hazikuuzwa kwa mkopo.