Nani Kamuua Bwana Ali?

Nyumbani kwetu Kitaji, hapa Musoma, kitabu kinene kina heshima yake na chembamba kina maadui. Kinene ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1980 kwa juzuu mbili. Imesimama kwenye kabati la vyombo, juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya birika la wageni na picha ya harusi yetu. Hakuna aliyewahi kuibishia, kwa sababu hakuna aliyeimaliza. Ugomvi wote huletwa na vile vitabu ambavyo mtu anavianza baada ya kunawa mikono ya chakula cha usiku na kuvifunga kabla ya kulala. Hivyo kila mtu kavisoma, na aliyesoma haishiwi neno.

Vita ninavyovisimulia vilianza transfoma ya mtaani ilipoungua, masika yakiwa yameshika kasi. Televisheni ikazima, simu zikafa moja baada ya nyingine, na wifi yangu, aliyekuja kutoka Bunda kuleta dagaa kwa nia ya kugeuza siku hiyohiyo, akakwama kwetu. Watu wazima na watoto tukabaki tunatazamana kuzunguka taa moja ya sola. Baba watoto akaingia uvunguni, akavuta sanduku lake la vitabu la tangu ujana, akatoa amri: kila mtu achukue kitabu kimoja chembamba, akisome, kisha atoe maoni mbele ya watu. Maskini, alidhani analeta amani.

Wifi alikuwa wa kwanza kuchukua, na alichukua bila kupapasa: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na wifi anasema ndiyo maana bweni lao zima lilikisoma, kwa zamu, ndani ya shuka. Maoni yake hayajabadilika tangu hapo: mwenye makosa ni Zakaria, baba yake Rosa, aliyemtwanga binti kwa ajili ya barua ya mvulana. Mama mkwe akasema baba asiyempiga mtoto kwa barua atampiga kwa mimba. Wifi akajibu kwamba Zakaria alipiga na bado mambo yakaharibika. Kimya kikapita, kisha mama akamkumbusha binti yake kwamba yeye mwenyewe alichapwa na akaolewa vizuri. Hapo nikawahi kwenda kuangalia mboga jikoni, maana ndoa ya wifi si mada ya kujadiliwa na mkwe.

Mimi nilichagua Nagona, ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1990. Kezilahabi kazaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya pale Kisorya watu wa Bunda wanapopandia kivuko, kwa hiyo nilijiona naenda kwa jirani. Jirani gani! Kitabu ni chembamba kuliko daftari la madeni la mwenye duka wetu, lakini ukurasa unaisha, maana haijaanza. Mtu anatembea katika mji uliokufa, anatafuta, hujui anatafuta nini, na anaokutana nao wanajibu kwa namna ya kuongeza giza. Nilipoulizwa maoni nilisema ni kitabu kizuri. Wifi akataka nieleze uzuri wake. Nikasema kisomwe kwanza. Mpaka leo nashikilia hapo, na hakuna aliyejitokeza kunipinga.

Kijana wetu wa kidato cha nne alikuwa na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba ya mwaka 1988, kwa sababu ipo kwenye mtihani. Aliulizwa maoni, akatoa dhamira, wahusika na mandhari, mbiombio, macho yakiwa juu ya dari. Baba yake akamwuliza kama kimemchekesha. Akasema kwenye madesa hakuna swali la kuchekesha. Kitindamimba alipewa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, akawaonea huruma wale manyani wawili wanaochapwa kila usiku kwa amri. Kwamba ni ndugu waliomtosa Adili hakujali. Fimbo ya mlango wa nyuma, ile ya kufukuzia mbuzi wa jirani, ikapotea usiku huo, na mwenye kuificha tunamjua.

Mama mkwe macho hayamruhusu, akasomewa. Binti wa kati alimsomea Takadini ya Ben Hanson, kuhusu Sekai aliyejifungua mtoto zeruzeru, akatoroka naye kijijini usiku ili asiuawe. Nilikuwa nachambua dagaa, nikasikia sauti ya mama imekatika katikati ya kuitikia. Huku Kanda ya Ziwa hakuna anayehitaji kuelezwa habari ya kuwinda watu wenye ualbino, tumezika. Kilipokwisha, mama aliomba atajiwe tena jina la yule mwanamke, akalirudia kwa sauti ya chini, kisha akasema kitabu hicho wangekisoma kanisani badala ya matangazo. Hayo ndiyo maoni pekee ambayo nyumba yote iliyapokea bila ubishi.

Lakini mfalme wa zile jioni alikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, iliyotoka mwaka 1960. Nakala yetu ilikuwa na umri wa kuheshimiwa: pini zimeshika kutu, gamba limetoka, karatasi za manjano zinanuka mende. Baba watoto aliisoma kwa sauti, kidogokidogo kila usiku, akiigiza mpelelezi Bwana Msa na kiko chake kwa kutumia mswaki. Bwana Ali kakutwa maiti mzimuni; nani kamuua? Wifi alikuwa na mshukiwa, kijana ana wake, binti ana wawili. Hata mimi nilianza kupika mapema.

Ikabaki jioni moja tu kitabu kiishe.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imelowesha magunzi, mafuta ya taa yameisha, na mama mkwe anataka chai kabla ya sala. Kwenye kigoda palikuwa na karatasi zilizoachana na wenzao. Akazikunja vizuri, moja moja, akazipanga chini ya mkaa. Nilipotoka uani jiko lilikuwa limekolea kweli, sufuria inachemka, na kando ya jiko kimebaki kipande kimoja cha kona, cha ukubwa wa stempu, chenye namba ya ukurasa.

"Karatasi imechakaa, imeliwa na mende, haina hata picha," mama alijitetea mbele ya baraza. "Ningejuaje kuna mtu ndani?"

Hapo kijana wetu, kwa mara ya kwanza tangu aanze sekondari, akaelewa kitabu. "Bibi ni Mitomingi!" alipiga kelele. Mama akadai aelezwe ametukanwa nini. Ikabidi aelezwe: Ngoswe ni karani wa sensa, kapelekwa kijijini kuhesabu watu, badala yake kampenda Mazoea, binti wa balozi, na huyo balozi Mitomingi, kwa hasira, anazitia moto karatasi zote za sensa. Mama alisikiliza kwa makini, akauliza kama karani alikuwa ametoa mahari. Hakutoa. "Basi Mitomingi alikuwa na akili," akasema, na tangu hapo Ngoswe kwake ndicho kitabu bora kuliko vyote.

Tumaini lilibaki kwa baba watoto, aliyekisoma akiwa kijana na anayemjua muuaji. Mwenye siri bwana! Alianza kudai kichwa cha sato. Akapewa. Akadai kiti chenye mto, na maji ya kuoga ya kwanza. Siku ya kudaiwa jibu akatoa jina moja, kwa sauti nzito, mswaki mdomoni. Wifi akaangua kicheko: mtu huyo hayumo kabisa kwa Bwana Msa, katoka kwenye Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965. Baba watoto alikuwa amesahau zamani, na vichwa vya sato alivila bure.

Baba mkubwa akaitwa kutoka Butiama kuja kusuluhisha. Alifika na koti lake la mvua, akaamkiwa na kila mtu, akala, ndipo akatoa hukumu yake ya fasihi. Kitabu kifupi kilicho bora, alisema, ni Tujisahihishe cha Mwalimu Nyerere, cha mwaka 1962, kwa kuwa mtu anayewaambia wenzake wajirekebishe hapaswi kuwachosha. Cha pili ni tafsiri ya Mwalimu ya Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963: mtu kabeba nchi nzima na bado kapata nafasi ya kumtafsiri Shakespeare, nyinyi mnasubiri umeme ukatike ndipo msome! Halafu akamgeukia wifi. Katika Kaizari, waliomuua wanaonekana na kila mtu, mchana kweupe, na kitabu kiko katikati tu. Mbona watu hawanyanyuki kwenda nyumbani? Hadithi inayokufa kwa kukosa kurasa za mwisho, alisema, ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Wifi akasema, kwa heshima zote, baba mkubwa hajawahi kusoma kitabu kinachomkosesha usingizi. Mimi nilikuwa upande wa wifi.

Suluhu ikatoka Mwisenge, kwa mwalimu mstaafu mwenye nakala yake. Kijana akaenda kwa baiskeli, akairudisha ndani ya mfuko wa nailoni, kavu, imekamilika, gamba lipo. Tukakaa. Baba watoto akafuta miwani. Sasa kitindamimba wetu yuko kwenye umri wa kusoma kwa sauti kila chenye herufi, hata kopo la mafuta ya kupaka, na alikuwa amepakatwa na babaye. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, mwanafunzi fulani wa zamani alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu muuaji ni nani. Mtoto akasoma. Akasoma vizuri, na nukta akaitaja.

Mama mkwe ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akakohoa. Kilichoniudhi ni kilichofuata: tulisoma kurasa zote zilizobaki, na hakuna aliyenyanyuka mpaka mwisho, wifi akiwa wa mbele kabisa kusogelea taa. Baba mkubwa alisikia habari hizo kwa simu, na sasa hakuna anayeweza kuongea naye.

Transfoma imebadilishwa. Wifi kaondoka na Rosa Mistika bila kuaga, Nagona ninayo mimi na hakuna aliyeniazima, Myombekere yuko palepale juu ya kitambaa. Ewe msomaji mwenye kitabu chembamba kilichoachana na gamba lake, kishone kwa uzi wa gunia kabla mvua hazijarudi. Na kama una Mzimu wa Watu wa Kale usioandikwa kitu ukurasa wa kwanza, tuletee Kitaji. Shemeji yangu wa Bunda anakuja na watoto wake, na hao bado hawajui.