Jinsi ya Kuimaliza Foleni ya Tegeta Bila Kutoka Ofisini

Kwanza kabisa, ingia ofisini saa 11 alfajiri, Barabara ya Bagamoyo ikiwa bado imelala, na usitoke mpaka saa 4 usiku. Mtaalamu anayekaa kwenye foleni hupandwa na hasira, na hasira huharibu hesabu. Washa kompyuta, chora mstari kutoka Morocco hadi Bagamoyo mjini, tia nukta Mwenge, Lugalo, Tangi Bovu, Afrikana, Tegeta Kibaoni, Bunju na Mapinga. Mtandao huo wa barabara umekamilika. Goba, Madale na Makongo ziache kwanza. Zitakuja zenyewe, tena na magari yake.

Sasa muumbe dereva. Muumbe kwa mfano wa John Glen Wardrop, Mwingereza aliyeandika mwaka 1952 kwamba madereva wakiachiwa wajichagulie, watahamahama mpaka ifike hali ambayo hakuna anayeokoa hata dakika moja kwa kubadili njia. Njia zote zinazopitwa zitakuwa zinachukua muda uleule, na zisizopitwa ni mbaya kuliko hizo. Konda wa daladala ya Tegeta huitangaza kanuni hiyo kila jioni, mwili nusu nje ya mlango: "Suka, kote kumefunga, we nyoosha tu!" Wardrop anatajwa vyuoni dunia nzima. Konda anadaiwa hesabu ya tajiri.

Ukitaka kumwona dereva huyo akifanya kazi bila kelele za mjini, nenda mpaka Msata. Zamani anayetoka Dar kwenda Tanga au Arusha alipita Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kisha akakata kulia. Kilomita 64 za kutoka Bagamoyo hadi Msata zilikuwa za vumbi, na masika zikawa za tope. Ilipowekwa lami, mabasi yakaanza kuhamia pwani. Urefu wa njia hizi mbili haupishani sana, kwa hiyo kinachomwamua dereva ni vitu vingine: malori yanayotambaa yakielekea mizani ya Vigwaza, vibao vya 50 kila penye nyumba, na tochi za kupima mwendo, ambazo hutangazwa na taa za gari linalokuja mbele yako kabla hujaziona. Yote hayo yaingize kwenye modeli kwa jina moja, "gharama ya safari". Ni jina pana, hakuna mkaguzi atakayelichimba.

Wala usidhani Bagamoyo inafundishwa hesabu hii leo. Karne ya 19, viongozi wa misafara iliyoanzia hapa kwenda Tabora na Ujiji walipima hongo ya watemi wa Ugogo, maji ya njiani na ukavu wa Mgunda Mkali kabla ya kuamua wapite wapi. Hawakuwa na programu. Walikuwa na wapagazi wenye kiu, na wapagazi wenye kiu hutoa majibu ya haraka.

Dereva ameshapatikana, mpe taa. Chukua kanuni ya F. V. Webster ya mwaka 1958: sekunde zinazopotea katika kila mzunguko wa taa zizidishe kwa 1.5, ongeza 5, kisha gawa kwa kile kinachobaki ukitoa kwenye 1 sehemu ya uwezo wa makutano inayodaiwa na magari. Tuseme zinapotea sekunde 12, na magari yanadai 0.8 ya uwezo. Utapata mzunguko wa sekunde 115, taa ya kiungwana kabisa. Yakidai 0.95, utapata sekunde 460. Hizo ni zaidi ya dakika saba, na abiria ameshaanza kuuliza kama taa ni mbovu.

Ipeleke sasa kanuni hiyo Mwenge saa 12 jioni. Magari yanadai uwezo wote, kwa hiyo unagawa kwa sifuri, na kanuni inakujibu kwamba mzunguko usiwe na mwisho. Wanahisabati husema hapo kanuni imevunjika. Trafiki haoni kilichovunjika. Anaingia katikati na sare yake nyeupe, anaipa taa mgongo, anaufungua upande mmoja, na anautekeleza ule mzunguko usio na mwisho kama ulivyoandikwa.

Vitabu vitakwambia pia kwamba njia moja ya barabara hupitisha magari kama 1,800 kwa saa nzima ya kijani, yaani moja kila sekunde 2. Kitabu hakijafika Mwenge. Mbele ya gari la kwanza pamesimama bodaboda na bajaji juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, ng'ambo ya taa kuna daladala inayoshusha mama mwenye ndoo mbili, na kushoto, nje ya lami, wamo wanaotanua, halafu watachomekea mbele kana kwamba walikuwapo tangu asubuhi. Njia hiyo ya vumbi haimo kwenye mchoro wako. Ichore, maana ndiyo inayokwenda.

Hapa sasa pana utamu, na wengi huparuka. Taa inamtazama dereva, na dereva anaitazama taa. Tuseme umeweka Tangi Bovu taa yenye akili, inayohesabu magari na kuwapa kijani zaidi waliojaa. Jumatatu barabara ya Goba inaleta magari machache ya ziada, taa inaiongezea sekunde 5. Usiku habari inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba Goba kunapitika. Jumanne wanakuja wa Madale na wa Wazo, taa inaona wamejaa, inaongeza tena. Kufika Ijumaa, barabara nyembamba inakula kijani nusu nzima, huku Barabara ya Bagamoyo, ambayo kila sekunde ya kijani ingepitisha magari mara mbili, imekaa kwenye nyekundu inapiga honi. Dereva hajakosea, taa haijakosea, na makutano yanapitisha magari pungufu kuliko siku ulipoyakuta.

Mike Smith wa Chuo Kikuu cha York aliieleza hali hii mwaka 1979. Dawa yake ilikuwa kutogawa kijani kwa kuangalia wingi wa waliokuja. Chukua muda ambao dereva anasubiri, uzidishe kwa uwezo wa barabara yake, na ugawe kijani mpaka majibu ya pande zote yalingane. Barabara pana inasikilizwa zaidi hata kabla haijajaa. Wa Goba watakutukana wiki nzima, kisha wengine watarudi kwenye njia nne za Barabara ya Bagamoyo, na huko ndiko ulikotaka warudi. Kwa maoni yangu hesabu hii inastahili kubandikwa ukutani kwa kila anayepanga taa. Usiitaje tu mbele ya mtu anayeishi Goba.

Wala usimtaje Dietrich Braess siku ya bajeti. Mjerumani huyo alithibitisha mwaka 1968 kwamba kuongeza barabara mpya kwenye mtandao kunaweza kumchelewesha kila mmoja, ikiwa kila dereva anajitafutia lake. Ukikaa kwenye kikao cha kufungua kichochoro kipya na jina hilo likikujia mdomoni, kunywa maji.

Kama takwimu zako ni za siku za ujenzi wa mwendokasi awamu ya 4, ziandikie tarehe na saa. Mchepuko wa asubuhi si lazima uwe wa jioni, na waliozoea kukimbilia Barabara ya Mwai Kibaki kupitia Mikocheni walishaambiana.

Takwimu bora ziko kwa muuza korosho wa kwenye taa. Mwangalie: anampa abiria chenji akiwa ameipa taa mgongo, na sekunde chache kabla ya kijani ameshapanda ukingoni, hajakimbia. Anajua urefu wa mzunguko, anajua trafiki yupi ana mkono mrefu, na anajua dirisha lipi litafunguliwa. Mlipe posho ya mtafiti, kisha ripoti uiandike kwa jina lako.

Kabla ya kuwasilisha, weka msafara wa kiongozi. Kwenye programu ni rahisi: kijani sifuri pande zote, muda haujulikani. Funga kwa pendekezo la kuongeza njia moja kila upande, lililo na picha ya rangi. Kamati ikiuliza trafiki yuko ukurasa wa ngapi, waambie yumo kwenye kiambatisho, na kiambatisho kiko kwa mpiga chapa, Mwenge, kinakuja.